Visiga Wapo?

Konda aliuliza mara mbili: "Visiga wapo? Visiga wapo?" Nilikuwepo, nimekaa siti ya nyuma ya dereva na kikapu mapajani, lakini mdomo ukawa mzito. Gari halikupunguza mwendo. Nikaja kushushwa Mlandizi, nikavuka barabara huku malori yakinipigia honi, nikasimama juani kungoja gari la kunirudisha. Mtu wa miaka 46 kupitilizwa kituo, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Wala sikuwa nimesinzia. Nilikuwa nafanya mazoezi ya salamu, na mazoezi yalikuwa hayajaisha.

Barabara ya Morogoro naijua. Nimepita hapo kwenda Chalinze, kwenda Dodoma, kwenda misiba ya watu nisiowajua vizuri. Naikumbuka kabla haijapanuliwa, na naikumbuka 2017, bomoabomoa ilipopita kuanzia Kimara na wenye nyumba wakawa wanang'oa madirisha wenyewe kabla tingatinga halijawafikia. Leo kutoka Kimara hadi Kibaha kuna kilomita 19.2 za njia nane na gari linateleza. Kibamba, Kiluvya, Maili Moja, Kongowe, Misugusugu, Visiga: vituo hivyo nilikuwa navisikia kwa makonda tu, maana mimi ni wa kupita. Hiyo Jumamosi ya Novemba ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutakiwa kushuka, na nikashindwa.

Niliyekuwa nakwenda kumwona ni mtoto wa shangazi yangu. Kwetu binamu hatuitani binamu, ni kaka na dada, na hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Alizaliwa mwaka 1991, mtoto wa kike. Mwaka 2004 alimfuata mama yake Uingereza, ambako shangazi alikuwa akifanya kazi ya kulea wazee. Mwaka 2014 alitutangazia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba yeye ni mwanamume, kwamba ana jina jipya, na kwamba ameanza sindano za homoni. Mwaka 2016 aliondolewa matiti. Tukawa na kaka mwenye ndevu ughaibuni. Halafu kaka akaacha sindano, na mwaka 2022 akatua Dar es Salaam amevaa dera na mtandio, hakukaa mjini hata wiki tatu, akaenda kuishi kwenye shamba la marehemu mama yake Zegereni. Jina lake silitaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza kwa ombi lake. Zegereni yenyewe aliniruhusu kuitaja. Alisema huko kila siku wanahamia watu wapya, mgeni mmoja hamtambui mgeni mwingine.

Miaka yote hiyo Kiswahili kilitusitiri. Amekula, amelala, anaumwa, ametuma hela: sentensi hizo haziulizi kama ni mwanamke au mwanamume. Wazee wangeweza kukaa barazani kuanzia alasiri mpaka isha wakimjadili bila kulazimika kuamua chochote. Waingereza, wenye neno moja la mwanamke na jingine la mwanamume kila wanapomtaja mtu asiyekuwepo, nadhani hawaipati nafuu hiyo. Lakini lugha yetu ikishakusitiri mlangoni inakuumbua ukumbini, kwenye majina ya udugu. Wanangu walikuwa wakiongea naye kwa video wanamwita baba mdogo. Aliporudi mke wangu akawaambia sasa ni shangazi. Wa pili, aliyekuwa na miaka 7, akauliza baba mdogo amekwenda wapi. Hakuna aliyemjibu. Tulimwambia akaoge.

*

Pale Visiga vijana wa bodaboda walinizunguka. "Kiwanda gani, mzee?" Halmashauri ya Mji wa Kibaha iliitenga Zegereni kuwa eneo la viwanda, na mgeni anayeshuka hapo na shati la kuchomekea huhesabiwa kuwa anatafuta kazi au amekuja kukagua watu. Nikasema nakwenda kwa ndugu. Kijana aliyenipakia akanyamaza kidogo, kisha akasema ndugu ni wengi.

Njia nzima ni malori, vumbi, na vibao vyenye majina ya kampuni na mishale. Kwa anayekwenda kiwandani haiwezekani kupotea. Sisi tulipoacha viwanda nyuma vibao vilikoma, ikabaki mikorosho, mihogo na vijumba vya matofali vilivyosimamishwa hadi usawa wa lenta kungoja hela. Tulipotea mara mbili. Mara ya pili tulimkuta mzee ananoa panga, akatuonyesha kwa panga lenyewe: huku kwa yule mama wa korosho, na kule mbele mkiendelea ni Kisarawe.

Yule mama wa korosho. Niliibeba hiyo kama kitu cha kuvunjika.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya moto wa kuni. Juu ya mafiga kulikuwa na bati kuukuu lililotobolewa kwa misumari, na juu ya bati korosho ambazo hazijabanguliwa. Aliinua kichwa, akanitazama, akasema, "Shikamoo kaka."

Sauti hiyo nilishaizoea kwenye simu, lakini simu hupunguza mambo. Hapa ilitoka kifuani, nzito, ya mwanamume wa makamo, ikipitia chini ya mtandio wa maua.

"Marahaba, mdogo wangu."

Akacheka mpaka akakohoa moshi. "Mdogo wangu! Kaka umekwepa vizuri. Umetoka nalo Dar hilo, au umelipatia kwenye bodaboda?"

Nilikuwa nimelipatia Mlandizi, nikisubiri gari.

Kuchoma korosho ni kazi isiyotaka mgeni mwenye maswali. Ganda lina mafuta makali. Yakipata moto yanatoka povu, yanatiririka kupitia matundu ya bati, na ghafla bati zima linawaka kama petroli. Hapo una muda mfupi sana: ukitoa mapema ganda halivunjiki, ukichelewa unabaki na mkaa. Aligeuza kwa fimbo ndefu, uso ameukinga kwa kiwiko, halafu akalipindua bati mchangani na kuzifukia korosho zinazowaka mpaka zikafa. Tulikaa kwenye mkeka kuzibangua kwa jiwe. Alinisukumia majivu nipake vidoleni. Mimi kwa ujuaji wangu nikapaka kidogo, na hadi Jumanne ngozi ya kidole gumba ilikuwa ikinibanduka, nyeusi. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viganja, na akizungumza alikuwa hanitazami mimi, anaitazama korosho.

"Wewe uliandika 'Tulijua tu'," akasema.

Nilijua anachokisema. Mwaka 2014, alipotangaza, mimi niliandika kwenye kundi "Mungu akuongoze", nikazima sauti ya kundi. Alipotangaza kuacha, watu wakamwandikia mengi. Baba yangu aliandika majuto ni mjukuu. Mimi nikaandika maneno mawili, tena kwa haraka, nikiwa kwenye foleni ya benki.

"Mlijua nini?"

Nilivunja korosho tatu. Zote zikatoka vipande.

"Hamkujua chochote," akasema, bila ukali. "Na mimi sikujua. Ingekuwa mlijua, si mngeniambia?"

*

Nilikuwa na daftari kwenye kikapu, chini ya mkate na sukari, na alikuwa na habari nalo. Alinipa masharti kabla sijalitoa. Nisiandike kama ushuhuda. Tangu arudi amekwishaombwa ushuhuda mara nne. Mjomba mmoja alitaka asimame baada ya sala ya Ijumaa aseme toba yake, vijana wasikie. Huko Uingereza kuna watu walimwandikia wakitaka azungumze kwenye mikutano yao, wakampa na tiketi, na alipouliza atazungumza nini wakamtumia cha kuzungumza. Na upande wa pili, wale aliokuwa nao miaka ya sindano, baadhi waliacha kumpigia kabisa, kana kwamba ugonjwa wa kujuta unaambukiza kwa simu. "Wote wanakitaka kifua changu," alisema. "Huyu akionyeshe, yule akifiche. Hakuna aliyeuliza nimekula nini." Rafiki mmoja tu amebaki, walianza sindano mwaka mmoja, na huyo hajaacha. Ni mwanamume, ameoa, maisha yake yamenyooka, kila Jumapili wanaongea. "Ukiandika yangu bila kuandika ya huyo, umenisingizia."

Basi nimeandika.

Kilichompata mwilini alinieleza kama mtu anayeeleza gari aliloendesha. Sindano ya testosteroni aliyokuwa akitumia ilikuwa ya muda mrefu, unachomwa, unakaa wiki 10 hadi 14, unachomwa tena. Sauti ilianza kuvunjika ndani ya miezi michache. Ndevu zilikuja polepole, hedhi ikakata. Alipoacha, hedhi ilirudi, nyonga zikarudi, nywele za kichwani zikajaa upya. Sauti haikurudi. Homoni ikishanenepesha nyuzi za sauti, kuacha sindano hakuzirudishi zilivyokuwa, na ndevu nazo zikishapata mizizi zinaendelea kuota. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri anajinyoa kwenye kioo kidogo alichotundika kwenye mpapai, maana bafuni hakuna mwanga. Kizazi anacho. Kama kitashika mimba, hakuna daktari aliyemhakikishia.

Kumwanzisha kulichukua mikutano miwili kwenye kliniki ya kulipia. Foleni ya serikali ilikuwa ya miaka, na yeye alikuwa na miaka 23 na haraka. Mtu wa kumsimamia wakati wa kuacha hakumpata. Aliacha mwenyewe, majira ya baridi, kwa kutokwenda tu tarehe yake ilipofika. Wakampigia mara moja kumkumbusha miadi, akasema ana mafua.

Nilimsomea nilichokuwa nimenakili daftarini. Madaktari wa Amsterdam mwaka 2018 walichapisha hesabu ya watu 6,793 waliopita kliniki yao kuanzia 1972 hadi 2015, na kati ya waliotolewa ovari au korodani, waliojuta hawakufika hata mmoja katika 100. Akauliza huyo aliyejuta walimjuaje. Nikasema ni yule aliyerudi kliniki, akasema amejuta, akaanza kupewa homoni za jinsi aliyozaliwa nayo. Akaendelea kubangua.

"Mimi ovari ninazo, na kliniki sikurudi. Kwa hiyo simo."

Hayumo, kweli. Mwaka 2021 daktari wa Marekani, Lisa Littman, aliwahoji watu 100 walioacha baada ya kubadili jinsi, na waliowaambia madaktari wao kwamba wameacha walikuwa 24. Waliobaki walisema wana mafua, kwa namna moja au nyingine. Kuna hesabu nyingine ya huko huko Marekani inayovuta upande wa pili. Ilifanywa kwenye dodoso la mwaka 2015, na katika waliowahi kurudi nyuma kwa muda, wanane katika kila kumi walitaja shinikizo la nje: wazazi, kazi, kunyanyapaliwa. Lakini dodoso hilo liliwauliza watu ambao hadi siku hiyo bado walijihesabu kuwa wamebadili jinsi, kwa hiyo humo pia binamu yangu hayumo. Mimi si mtu wa hesabu. Ninachoona ni kwamba kila mwenye ugomvi anayo tarakimu yake, na mwanamke aliyekaa mkekani na majivu vidoleni haonekani kwenye yoyote.

Kesi ya Keira Bell alikuwa anaifahamu kuliko mimi. Ni Mwingereza aliyeanza dawa za kuzuia balehe akiwa na miaka 16, akaondolewa matiti akiwa na 20, akajuta, akaipeleka kliniki ya Tavistock mahakamani. Desemba 2020 Mahakama Kuu ilimpa ushindi, Septemba 2021 Mahakama ya Rufaa ikaufuta. Mwaka 2024 ikatoka ripoti ya Dk. Hilary Cass iliyosema ushahidi wa dawa hizo kwa watoto ni dhaifu. "Watu wananiuliza kama ni mimi," akasema binamu. "Yule alikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima na kadi ya benki." Anayemfikiria zaidi ni Annet Negesa, mkimbiaji wa mita 800 wa Uganda. Mwaka 2012 Negesa aliondolewa kwenye Olimpiki ya London kwa sababu ya homoni ambazo mwili wake wenyewe ulikuwa ukizitengeneza, na mwaka huo huo akapasuliwa Kampala. Amesema hakuelezwa kitakachofanywa, na kwamba hakuwahi kuwa yule wa zamani. Shirikisho la riadha la dunia limekana kuhusika. Mwaka 2019 alijitokeza kwenye televisheni ya Ujerumani, na huko ndiko alikopata hifadhi. "Yule hakuomba," alisema binamu, "mimi niliomba. Lakini nilipomwona kwenye taarifa ya habari anaongea Kiingereza cha taratibu vile, nikasema, huyu dada yangu."

Neno lenyewe lilimtoka bila taabu. Nilikuwa namsikiliza kwa wivu.

*

Alitupikia ugali na kisamvu cha nazi. Wakati wa kula alinikumbusha kitu nilichokuwa nimekisahau, kwamba mwaka 2003, mwaka mmoja kabla ya kuondoka, bibi alimweka ndani Kisarawe. Bibi yetu alikuwa Mzaramo wa zamani asiyekubali mjukuu wake avunje ungo akaendelea kucheza mpira barabarani. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwita jike dume, na bibi alilichukia jina hilo kuliko alivyolichukia yeye. Siku zenyewe hazikufika hata 10, kwa sababu ya shule. Zamani mwali wa Kizaramo alikaa ndani miezi na miezi, mwingine mwaka na zaidi. Bibi alimpa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti, kiwiliwili chake ni kama mchi, hakina mikono wala miguu, kina matiti mawili madogo na kichwa kilichopasuliwa juu kama kishungi. Mwali anakiogesha, anakipaka mafuta, anakilea. Mfini Marja-Liisa Swantz, aliyekaa Bunju miaka ya 1960, amekieleza vizuri kwenye kitabu chake cha 1970 kuhusu Wazaramo, hata wajukuu wa Wazaramo tunakwenda kusoma kwa Mfini mambo ambayo bibi zetu walitaka kutuambia tukawa na haraka.

"Nilikichukia," akasema. "Matiti yake niliyakwaruza kwa wembe."

Nikamtazama.

"Ndiyo. Usiliandike kubwa, lakini liandike. Kisha nikaogopa, nikakipaka mafuta usiku kucha."

Alichokuwa anataka kunieleza ni kitu kingine. Alisema humo ndani alikuwa na kungwi, mwanamke mkorofi mwenye pumzi ya tumbaku, aliyelala naye chumba kimoja na kumfinya akikosea. Na siku ya mwisho alitolewa. Wanawake walikuja mlangoni na ngoma, wakamfunika kanga, wakamtoa nje kwenye jua mbele ya watu, na kila mtu akajua ametoka. Aliingia amesindikizwa, akatoka amesindikizwa. Uingereza alipoingia kulikuwa na wa kumsindikiza: mnasihi, kundi la siku ya Alhamisi, marafiki waliomnunulia keki siku ya sindano ya kwanza. "Kutoka nilitoka usiku, peke yangu, kama mtu anayekwepa nauli."

Nikatumia neno kurudi. Nikamuuliza alianza lini kufikiria kurudi. Akanisahihisha papo hapo. Hakurudi, alisema. Kurudi ni kwenda ulikotoka, na aliyekuwepo 2014 hayupo, sauti yake haipo, mama yake hayupo. "Mimi nilishuka tu. Gari lilikuwa linakwenda, wenzangu wanafika wanakokwenda. Nikaona si kwangu, nikashuka. Sasa nipo hapa niliposhukia." Nikamsimulia nilivyopitilizwa Visiga. Alifurahi mno, akaniambia nirudie sehemu ya konda.

*

Jua lilipoelekea kuzama nilimuuliza swali ambalo wote tulikuwa tukilizunguka, kama anajuta. Aliosha mikono kwanza, kwa sabuni na mchanga, muda mrefu, na weusi haukutoka.

Mama yake, shangazi yangu, alifariki Januari 2019, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Mwaka uliokuwa umeisha wawili hao walikuwa wamepanga kuja nyumbani, akaghairi yeye. Ilikuwa Novemba ile ya 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam ametangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, Serikali ikasema hayo ni yake mwenyewe, lakini mtu mwenye ndevu na pasipoti ya mwanamke hakai uwanja wa ndege kuwaeleza maofisa tofauti. Kwa hiyo shangazi hakuiona tena Kisarawe. Alizikwa huko.

Maiti ilipelekwa msikitini kuoshwa. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na anayetangulizwa ni wa damu, binti akiwepo. Mama mmoja wa Kisomali alitoka chumba cha kuoshea na glavu mikononi, akauliza marehemu ana binti? Ndugu wa kiume waliokuwa pale mlangoni wakasema hana, ana kijana mmoja, huyu hapa. Na yeye alikuwa amesimama pale pale, na ndevu, na kofia, na koti la baridi. Yule mama akampa pole, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Nilikuwa na sekunde kama mbili za kusema," alisema. "Nikazisikia zinapita. Wamemwosha wanawake sita, hakuna hata mmoja aliyekuwa anamjua. Hawakujua goti la kushoto lilikuwa linamuuma, kwamba usimkunje."

Nilidhani amemaliza. Nikaanza kusema pole.

"Ngoja. Makaburini niliingia mimi kaburini. Mimi na wanaume wawili. Nilimpokea, nikamlaza, nikamfungua vifungo vya sanda, nikamwelekeza kibla kwa mikono yangu. Binti asingefanya hayo. Binti angekuwa nyumbani anachambua mchele." Akajipangusa mikono kwenye dera. "Sasa wewe mwenye daftari niambie, hapo nijute kipi? Nikijuta mlango, nalipoteza kaburi."

Ile sindano ambayo hakwenda ilikuwa ya mwezi uliofuata. Hakusema kwamba moja ilileta nyingine, na mimi sikumuuliza. Kifua anakijuta, alisema. Hilo aliniambia niliandike wazi. Kuna usiku anaamka mikono imekishika. Miaka yote kwa jumla haijuti, na akaongeza kwamba asiyeelewa tofauti hiyo asome tena.

Hapo Zegereni walimpokea kwa njia ambayo sikuitegemea: walimdhania mgonjwa. Sauti ile wanawake wa jirani waliieleza kuwa ni koo, walimletea tangawizi na asali mwezi mzima. Alipokwenda kusajili laini, wakala alikataa katakata, jina la mwanamke na sauti hii haviendani, huyu tapeli. Akamwambia aweke kidole kwenye mashine. Akaweka, mashine ikamkubali mara moja, na picha yake ya Kitambulisho cha Taifa ikatokea. "Kidole tu ndicho hakijawahi kuniuliza kitu." Mwaka jana jirani alifiwa na mkwewe, wanawake wakaja kumwita. Alidhani wanataka maji au kuni. Walitaka mikono, kuna maiti ya kuoshwa na wenye nguvu ni wachache. Alikwenda. Hakunieleza zaidi ya hapo. Aliingia ndani kutafuta mfuko wa kunifungia korosho.

Bodaboda niliyekuja naye alikataa kuja kunichukua usiku, akasema njia ile asubuhi ni ya malori na usiku ni ya fisi, jambo ambalo siliamini. Ikabidi binamu ampigie mwingine, aliyekuja akilalamika tangu mbali. Binamu alinipa mfuko. "Wape watoto. Waambie zimetoka kwa ..." akaishia hapo, akakaza fundo. Nikaweka mfuko kwenye kikapu, juu ya daftari.

Tulipokaribia taa za viwanda yule kijana akaniuliza, "Yule mama nani wako?"

"Dada yangu."

"Baba mmoja?"

"Mtoto wa shangazi."

Alikwepa shimo. "Mara ya kwanza alinipigia nimpelekee mkaa. Njia nzima namwambia poa bosi, sawa bosi. Nafika, mama! Nikapandisha bei." Akacheka peke yake kwenye upepo. "Akaniambia neno moja tu, mzee, kwa ile sauti. Bei nikairudisha yenyewe, na gunia nikamwingizia mpaka jikoni."

Visiga nilikuta gari la Mbezi linajaza. Konda akanipokea kikapu, akauliza ndani kuna nini kinachonukia hivyo.